Mistari ya Mtoto wa Mirka

Skelvik, 30 Juni 1899

Dada yangu mpenzi Sinnie,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizonazo, na zikiniishia nitaazima za mume wangu. Hujambo? Vidole vyako vimepona? Mama aliniandikia kwamba chumvi ya mapipa ya samaki huko Leith imekuchimba hadi mfupani, na kwamba msimamizi wenu hawapi hata muda wa kufunga kitambaa. Ndani ya furushi hili nimekuwekea glavu jozi mbili nilizofuma mwenyewe, pamoja na kipande cha nyama ya kondoo kutoka darini kwetu, kilichokula moshi tangu Novemba. Kichemshe na viazi, umkumbuke mdogo wako.

Sisi huku wazima. Nikisema wazima namaanisha hivi: baba mkwe amevunjika mkono wa kulia, Lowrie wangu ana mbavu mbili zilizopasuka na jicho ambalo bado halifunguki vizuri, mbwa wetu tulimzika Jumatano, na mimi nina alama ya meno ya farasi begani ambayo Lowrie huibusu kila asubuhi kabla ya chai. Nina furaha, Sinnie. Ni wiki ya tisa sasa tangu harusi na bado akiingia mlangoni na matope yake naangusha kijiko. Nitakueleza yote, maana najua barua yangu ya Aprili ilikuwa maua matupu na wewe ulitaka habari.

Unakumbuka nilikuandikia juu ya Dakta Lorne, yule bwana wa Edinburgh aliyekuja kuchunguza farasi wetu wadogo. Alitaka kujua wametoka wapi: kama waliletwa na mababu zetu katika merikebu kutoka Norwei, au waliwakuta hapa, au walikuwa farasi wakubwa kama wa watu wengine wakadumaa kwa njaa na upepo. Alipima miguu, akapima meno, akanunua mafuvu na kuyachemsha katika sufuria ambayo mama mkwe hajaitumia tena mpaka leo. Mimi nilikuwa mwandishi wake, kwa kuwa ni mimi tu niliyefika shule ya juu. Lowrie alishika farasi, dakta akasoma kipimo, mimi nikaandika. Ndivyo mapenzi yetu yalivyoanza, dada, juu ya urefu wa paji la uso la farasi. Dakta akisema inchi kumi na moja, mimi naandika kumi na mbili kwa sababu Lowrie amenitazama.

Lakini kubwa alilojia dakta lilikuwa punda milia. Alimleta kwa meli kutoka bustani ya wanyama, mnyama wa Afrika, mistari mwili mzima kama soksi, na alipoteremshwa gatini alimng'ata mpagazi sikio akalitema majini. Dakta alitaka kujibu swali moja. Wafugaji wote, hapa na huko bara, husema kwamba jike akizaa mara ya kwanza na dume wa kabila lingine, dume yule humwachia alama ndani, na watoto wote atakaozaa baadaye na madume wengine watakuwa na sura ya yule wa kwanza. Dakta alikuwa na shaka. Hapa Skelvik hakuna aliyekuwa na shaka. Mzee Gideon Halcrow, ambaye sasa ni baba mkwe wangu, alimwambia dakta mbele ya watu kwamba angeokoa nauli ya punda kama angeuliza tu.

Hakuna aliyekubali kutoa jike lake. Mimi nikamtoa Mirka. Ndiyo, Mirka wetu, yule mweusi ambaye baba aliniachia alipokuwa anakufa. Niliogopa, lakini niliona dakta anatafuta ukweli na hakuna anayemsaidia, na Lowrie alikuwa amesimama pale. Mirka akazaa kwa punda milia mtoto wa ajabu, mistari shingoni na masikio marefu, ambaye dakta alimchukua kwenda naye Edinburgh. Kisha, ili jaribio likamilike, Mirka akapandishwa kwa Brusi, farasi dume wa Mzee Gideon, rangi ya mchanga uliochanganyika na majivu, mfupi kama pipa na mwenye hasira za shetani. Baba mkwe alikubali kwa ubishi tu. Alisema Brusi wake ni damu safi tangu enzi za babu yake, na kwamba tutaona mistari ya Mwafrika ikitokea hata kwa damu hiyo, na ndipo dakta atakapofunga vitabu vyake.

Punda milia hakuishi aone. Agosti mwaka jana alivunja ukuta wa zizi lake, akapanda mlimani mchana kweupe, akakutana na Brusi katikati ya majike yake. Nilikuwepo. Walisimama kwa miguu ya nyuma wakashikana shingo kwa meno, na punda alikuwa mkubwa zaidi, lakini Brusi alikuwa nyumbani. Alijiinamisha akamshika goti la mbele, akalisaga mpaka tukasikia likikatika. Baada ya hapo haikuwa tena vita. Alimkanyaga, akamgeukia, akamkanyaga tena, hata mistari ikawa haionekani kwa damu. Lowrie aliruka ukuta kumtenganisha kwa kamba akapigwa teke la paja, akatupwa miguuni pangu. Nilimfunga jeraha kwa aproni yangu. Alikuwa mweupe kama maziwa, na huku damu inapita kati ya vidole vyangu akaniuliza kama nitamkubali. Nilimwambia anyamaze kwanza nikaze fundo. Akasema fundo ndilo hilo analoliulizia. Mimi nililia, Sinnie, na ng'ambo ya pili ya ukuta yule punda maskini alikuwa anakoroma mara yake ya mwisho.

Sasa lazima nikutajie Jarm. Unajua jinsi nilivyompenda na jinsi bahari ilivyomchukua, na unajua kwamba tulikuwa wachumba majira mawili ya baridi na watu wa visiwa hivi hawajifanyi vipofu kuhusu wachumba. Lowrie anajua kila kitu. Nilimwambia mwenyewe kabla ya kukubali, akasema Jarm alikuwa mvuvi mzuri na hana neno naye. Lakini harusini, watu walipokwisha kunywa, Tammas, binamu yake Lowrie, alipanda juu ya benchi akamwambia bwana harusi aandae kofia za watoto wenye nywele nyekundu, maana Jarm Mouat alikuwa na nywele kama moto wa jiko, na jike huwa hamsahau dume wa kwanza, muulizeni dakta. Watu walicheka. Lowrie aliweka glasi yake chini kwa utaratibu, akasema, "Shuka, Tammas, nikupongeze." Tammas akashuka. Meno mawili yalibaki sakafuni, mpiga fidla akayasukuma kwa kiatu chini ya kabati na kuendelea kupiga. Ndugu za Tammas wakaingia, ndugu zetu wakaingia, mlango ukang'oka bawabani. Mimi nilisimama juu ya meza ya keki nikiwa na gauni langu la samawati, nikiangalia mume wangu akipigana na watu watatu kwa ajili yangu, na nikafikiri moyo wangu utapasuka kwa fahari.

Baba mkwe hakupigana wala hakucheka. Kesho yake, kama ilivyo desturi ya huku, aliwakata masikio wanyama niliokuja nao ili wawe wa nyumba yake. Unajua kwamba kwetu, kisiwa cha ng'ambo, tunawapaka rangi ya alama. Huku kila nyumba ina mkato wake, na wa kina Halcrow ni nusu mwezi sikio la kushoto na mchano mmoja la kulia. Kisu hicho hakishikwi na mtu mwingine ila mwenye nyumba, na neno la mwenye kisu halijadiliwi. Mkono wake ukishindwa, kisu humwendea mwanawe mkubwa, na neno huenda nacho. Alimkata Mirka, damu ikamtiririkia shingoni, kisha akaufuta ule wembe kwenye suruali na kuniambia hana ugomvi na mimi. Alisema yeye si mtu wa kupiga kelele juu ya benchi. Atangoja aone Mirka atazaa nini, na akishaona, atajua pia ategemee nini kutoka kwangu.

Ndivyo alivyosema, Sinnie, bila ukali, kama mtu anayezungumzia mvua. Tangu siku hiyo tumbo la Mirka likawa kama langu. Nililala nikilifikiria, niliamka nikalishika. Na mwishoni mwa Mei nilikuwa na sababu nyingine ya kulifikiria, ambayo nadhani umeshaikisia, na ambayo Lowrie alipoisikia alinibeba kuzunguka nyumba mara mbili huku kuku wakitukimbia.

Mirka alizaa tarehe tano mwezi huu, saa nne asubuhi, nyuma ya banda la mashua. Mtoto jike, mwenye rangi ya Brusi, mdogo kama mwanakondoo aliyelishwa vizuri. Mama mkwe alimpangusa kwa majani makavu, na alipofika miguuni mkono wake ukasimama. Juu ya magoti kulikuwa na mistari mitatu kila mguu, myeusi, iliyonyooka. Begani mwingine. Mama mkwe alitazama miguu ile kisha akanitazama tumboni, nikajua kwamba naye ameshahesabu siku zangu.

Baba mkwe alikuja akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mistari kana kwamba itafutika. Nilidhani atafurahi kushinda ubishi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Alisema mtoto huyu hatapata mkato wa kina Halcrow. Na unajua sheria: mtoto wa farasi asiye na mkato siku ya mkusanyo, farasi wote wanapoteremshwa kutoka mlimani, ni mali ya bwana mwenye ardhi, naye huwapeleka wote kwenye mashimo ya makaa ya mawe. Baba mkwe alisema hata huko hatampeleka, ili watu wa bwana wasije wakasema mbegu ya Brusi imeoza. Atamtupa baharini kutoka jabalini siku ile ile, pamoja na mama yake. Kumuuza Mirka hawezi, maana kumuuzia jirani jike aliyeharibika ni wizi, na yeye si mwizi. Lowrie akasema, "Baba, huyo ni Mirka wa mke wangu." Baba yake akamjibu kwamba masikio ya Mirka yanasema vingine.

Nilikimbilia vitabu vya dakta, ambavyo aliniachia niendelee kuandika. Na humo, Sinnie, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuta kitu nilichokiandika mwaka juzi huku nikimtazama Lowrie badala ya karatasi. Dakta alikuwa amemwosha Brusi miguu, akaandikisha: mistari minne hafifu juu ya kila goti. Kurasa mbili mbele, majike wawili wengine waliozaa na Brusi, ambao hawajawahi hata kumwona punda milia: watoto wenye mistari, imefifia baada ya wiki nane manyoya yalipobadilika. Ilikuwa ya Brusi, dada. Ilikuwa ya kwake tangu zamani, ya kabila lake lote, na hakuna aliyeiona kwa kuwa hakuna mtu Skelvik anayeosha farasi, wala anayemtazama mtoto miguu mpaka siku ya kumkata sikio, na siku hiyo ni matope matupu.

Nilimsomea baba mkwe wakati wa chakula. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua samaki. Kisha akaniuliza kitabu changu kimeshazalisha farasi wangapi. Nilimwomba apande mlimani amwoshe Brusi mwenyewe. Akasema ana miaka sitini na mmoja, amemjua Brusi tangu alipotoka tumboni, na hawezi kwenda kumwosha miguu kama mchungaji wa kanisa kwa sababu binti wa ng'ambo anaogopa nywele nyekundu. Mama mkwe aliangusha macho sahanini. Lowrie alinyanyuka na kiti kikaanguka, nikamshika mkono akaketi tena. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu harusi tulipolala bila kucheka.

Mkusanyo ulikuwa Jumanne. Hujawahi kuuona wa huku. Watu hamsini wanapanga mstari mlimani na mbwa na marungu, wanawateremsha farasi mia mbili wa mwituni hadi kwenye zizi la mawe ambalo lingetosha themanini. Madume wanaokaa mbali mwaka mzima wanajikuta bega kwa bega. Niliona dume akining'inia kwenye shingo ya mwenzake kwa meno na ngozi ikivuka kama soksi. Niliona jike akimkanyaga mtoto wake mwenyewe. Mbwa wetu Kolli aliingia katikati kumgeuza Brusi, na Brusi alimwokota mgongoni, akamtikisa mara moja, akamwachia. Alianguka vipande viwili vilivyoshikwa na ngozi tu. Mimi nilikuwa langoni na kamba nilipong'atwa bega. Sikuhisi. Nilikuwa namwangalia baba mkwe akikata masikio, mtoto baada ya mtoto, mikono myekundu hadi viwikoni, na nilikuwa nahesabu wangapi wamebaki kabla ya wa Mirka.

Alipofika kwake alifunga kisu. Akamtia Mirka kamba shingoni, akamtoa zizini, na mtoto akafuata nyonyo la mama yake. Lowrie alisimama langoni. Alimwambia baba yake kwamba hatapita. Watu wakarudi nyuma hadi ukutani, hata Tammas mwenye pengo. Baba mkwe akamwambia, "Toka njiani, mwanangu, nisije nikakuaibisha mbele ya mkeo." Lowrie hakutoka. Mzee alimpiga kwa rungu la mkusanyo ubavuni, na alipoinama akampiga usoni, na alipoanguka akampiga tena ubavuni, kila pigo kwa kipimo, kama mtu anayepigilia nguzo. Mume wangu hakuinua mkono juu ya baba yake. Alishika tu mguu wake kwa mikono miwili na kuburutwa hatua kumi kwenye mavi na damu kabla hajaachia. Wanaume wakamzunguka. Baba mkwe akaenda zake na Mirka kuelekea jabalini.

Yaliyofuata utayasikia kwa yeyote wa Skelvik atakayefika Leith, na yanasimuliwa hivi. Mzee Gideon alikuwa amefika ukingoni. Brusi, ambaye alikuwa ameruka ukuta wa zizi katika zile vurugu, alimfuata jike wake, akamvamia mzee na kumpiga teke la mkono wa kulia. Mfupa ulitoka nje. Mkono ukiwa umeshindwa, mzee alitoa kisu kwa mkono wa kushoto akanipa mimi, niliyekuwa nimemfuata, nikipeleke kwa Lowrie. Lowrie alikata nusu mwezi na mchano mbele ya watu wote, jicho moja limefumba, akiegemea shingo ya Mirka, na neno la mwenye kisu likawa kwamba mtoto huyu ni Halcrow. Hakuna aliyejadili. Baba mkwe mwenyewe ndiye anayesimulia hivi, na kila anaposimulia teke la Brusi linazidi kuwa kubwa. Jana lilikuwa limemrusha futi kumi.

Mama mkwe aliunga mkono kwa mbao za pipa. Mzee hakulia, alitafuna tu mkanda. Tangu hapo ninamkatia nyama mezani, ninamfunga vifungo, ninamjazia kiko, naye huniambia ahsante kwa adabu sana.

Sasa, dada yangu, kama kuna mtu anasoma barua hii begani kwako, mwambie aondoke.

Brusi hakuwepo. Brusi alikuwa ameruka ukuta kweli, lakini alikwenda mlimani kwa majike yake. Niliyekuwepo ni mimi. Nilimfuata baba mkwe kwenye njia ya mboji, na pale tulipokuwa tunachimba mboji ya kukausha kuwa kuni wiki iliyopita sepetu ilikuwa imesimama ardhini, nikaichukua nikipita. Sikufikiri. Nilipomfikia alikuwa anamchapa Mirka mgongoni kwa rungu ili aruke, na Mirka amekaza miguu, anatetemeka, haruki. Basi akaacha rungu, akamwinua yule mtoto kwa miguu minne kama mtu anavyobeba kondoo, ili amtupe kwanza na mama amfuate. Nikamwambia, baba, muweke chini. Hakugeuka. Akanijibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitia wazimu: "Nenda nyumbani, binti yangu. Katika hali yako si vizuri kuona." Alijua, Sinnie. Alijua hali yangu, na alikuwa amembeba mtoto juu ya bahari kwa sababu ya mistari miguuni.

Nilimpiga mkono kwa nguvu zangu zote. Ulilia kama ubao wa pipa unapopasuka. Mtoto alianguka nyasini, mguu mmoja wa nyuma ukitapatapa hewani nje ya ukingo, nikamvuta kwa mkia na kumlalia. Baba mkwe alipiga magoti akiangalia mfupa wake. Kisha akauliza, "Umenipiga kwa bapa au kwa makali?" Nikasema kwa bapa. Akasema, "Basi hukukusudia." Nikamwambia mara ya kwanza sikukusudia, na kwamba akimgusa tena yule mtoto itakuwa makali. Nilikuwa nimeishika sepetu vizuri, na nadhani aliona kwamba naijua kazi yake.

Alicheka, dada, au alikohoa, sijui. Akachomoa kisu kwa mkono wa kushoto, akakitupa nyasini karibu yangu. Akasema yeye ni Gideon Halcrow, amepigwa na bahari na farasi na polisi wa Lerwick, na hatakufa akiitwa mzee aliyevunjwa na mke wa mwanawe. Aliyempiga ni Brusi. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia, baba. Akaniambia nimsaidie kusimama.

Lowrie nilimwambia usiku uleule. Nilidhani atanichukia, kwa kuwa yeye alikubali kupigwa kuliko kumwinulia baba yake mkono, na mimi nikaja na sepetu. Alianza kucheka na mbavu zake zikamkataza, akawa analia kwa maumivu na kucheka, na akasema afadhali mmoja wetu hakulelewa kumheshimu mzee yule. Nampenda mpaka naona haya.

Lakini sikukuandikia ili kujisifu, wala kutubu, ingawa nikimwona mzee anahangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto roho inaniuma. Nimekuandikia kwa sababu ya jambo la leo asubuhi. Nilikuwa nateka maji nikamwona baba mkwe zizini na Brusi, ambaye wamemteremsha kukatwa kwato. Alidhani yuko peke yake. Alikuwa na ndoo. Alimmwagia Brusi maji miguuni kwa mkono wake mmoja, akachuchumaa, akasugua matope kwa kiganja, akamwagia tena, huku Brusi anamng'ata kofia. Kisha akaweka kidole juu ya goti, akakishusha taratibu, na midomo yake ikawa inahesabu. Alihesabu mara tatu.

Aliponiona hakuona aibu. Alibaki amechuchumaa. Aliniuliza kama kitabu cha dakta kimeandikwa minne, nikasema minne. Akasema, "Miaka kumi na sita nampanda huyu." Baadaye, akiwa amenipa kisogo, akauliza kama dakta hana kitabu cha namna hiyo kuhusu watu. Kwamba mtoto wa mtu akitokea na nywele fulani, zinaweza kuwa zimetoka wapi. Alisema anauliza tu.

Nilikaribia kumjibu nikajizuia, maana huyu si mtu wa kusomewa, ni mtu wa ndoo na kiganja. Na hajawahi kukuona, Sinnie. Harusini hukuweza kuja, Mama na mimi ni weusi wa nywele kama Mirka, na baba yetu ambaye umefanana naye yuko kaburini.

Mtoto wangu atazaliwa mwishoni mwa Januari. Njoo kabla yake. Omba ruhusa, ugua, gombana na msimamizi, lakini panda meli. Mtoto akija mweusi wa nywele tutacheka. Akija mwekundu nataka shangazi zake wa Skelvik wawe wameshakuona. Utakapoteremka, baba mkwe atakuwa amesimama gatini na mkono wake uliopinda, kwa kuwa hupokea wageni wa nyumba yake mwenyewe. Upepo utakuwa mkali na utatamani kujifunika. Nakuomba usifunge kitambaa. Zifungue nywele zako zote, zimwage mpaka kiunoni, nyekundu zile ambazo Mama alikuwa anasema zinaweza kuwasha jiko, umpe mzee mkono, na umwache ahesabu.

Lowrie anakusalimu na anasema glavu zile alishika uzi yeye, kwa hiyo nusu ni zake. Mama mkwe anakusalimu. Mirka na mtoto wake wanakula vizuri na sikio linapona. Mpe pole yule rafiki yako mwenye kikohozi, na wewe jitunze vidole, unisamehe mwandiko, bega la kulia ndilo lililong'atwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye furaha kuliko wanawake wote wa visiwa hivi,

Osla Halcrow
(bado nalifurahia kuliandika jina hili)